Kabla ya kupiga Windows upya, tazama diski

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu ya miaka sita, Core i5, RAM GB 4, diski ya terabaiti 1 na Windows 10. Nikiiwasha hupita dakika saba kabla sijaweza kufungua chochote. Nikifungua kivinjari, kishale cha mausi kinaganda, na watoto wakitaka kuisomea huwa ugomvi. Nimeweka antivairasi mbili na programu ya kusafisha kompyuta, naona ndiyo kwanza imezidi. Mwaka jana fundi aliipiga Windows upya, ikawa nzuri kama mwezi na nusu, kisha ikarudi palepale. Sasa anasema tuipige tena. Wengine wananiambia niongeze RAM, wengine ninunue mpya. Nifanye nini?"

Salama, dada yangu, na pole kwa usumbufu. Nianze na fundi, maana hilo ndilo la haraka: mwambie asubiri. Simsemi vibaya, lakini dawa ileile iliyoshindwa mwaka jana haina sababu ya kufaulu mwaka huu, na kila Windows inapopigwa upya kuna hatari ya picha na nyaraka zako kupotea.

Katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote. Windows iliwekwa mpya kabisa, na baada ya wiki sita kompyuta ikarudi ilipokuwa. Windows ya mtu anayeandika na kusoma barua pepe haichafuki kwa kasi hiyo. Kilichobaki vilevile fundi alipoondoka ni vyuma: diski ileile, RAM ileile. Nadhani tatizo liko huko, tena nadhani najua ni wapi hasa. Lakini tupime kwanza, kwa sababu naweza kukisia nikakosea, na pesa itakayotoka ni yako.

Iwashe kompyuta kama kawaida. Ikishafika kwenye skrini yenye ikoni, usifungue kitu. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likija dogo, bonyeza maandishi ya "More details" yaliyo chini yake. Utaona safu zenye asilimia juu: CPU ni prosesa, Memory ni RAM, Disk ni diski. Chukua kalamu uandike asilimia hizo tatu. Acha kompyuta ikae dakika 15 bila kuigusa, uandike tena. Kisha fungua kivinjari na vile vichupo unavyovifungua kila siku, uandike mara ya tatu.

Nataka namba za mara tatu kwa sababu kila moja ina ushahidi wake. Za kwanza zinaonyesha foleni ya kuwaka. Za pili zinaonyesha kama foleni ile huisha au ni ya kudumu. Za tatu zinaonyesha kompyuta inavyobeba mzigo wako halisi. Mtu akikuambia kompyuta yako ina shida gani bila kutazama namba hizi, anabahatisha, hata kama ana uzoefu wa miaka 20.

Ninachotarajia kwa laptopu ya aina yako ni hiki: prosesa asilimia 10 au 20, RAM juu ya 80, na diski 100, imeng'ang'ania hapo dakika nzima. Ukikuta hivyo, bonyeza "Performance", kisha "Disk". Chini ya mchoro kuna kasi ya kusoma na ya kuandika, na mara nyingi hapo ndipo watu hushangaa: diski inadai inafanya kazi kwa asilimia 100, kumbe inasoma megabaiti 1 au 2 tu kwa sekunde. Diski hiyohiyo ukiipa faili moja kubwa iliyopangwa kwa mstari husoma megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi. Sasa megabaiti hizo nyingine zinakwenda wapi?

Ndani ya diski kama yako mna sahani za duara zinazozunguka, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Programu inapoomba kipande cha faili, sharti mkono usogee hadi kwenye njia yake, halafu usubiri sahani izunguke mpaka kipande kifike chini ya kichwa. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, na kwa wastani utangoja nusu yake. Mkono nao kusogea hula milisekunde 10 au zaidi. Ukijumlisha, diski hiyo hutimiza maombi 60 au 70 kwa sekunde ikiwa vipande vimetawanyika, hata kipande kiwe kidogo namna gani. Windows inapowaka huomba maelfu kwa maelfu ya vipande vya namna hiyo, na kila programu inayojiwasha pamoja nayo inaongeza maombi yake kwenye foleni hiyohiyo. Prosesa yako, ambayo ni nzuri tu, imekaa inangoja.

Unaweza hata kuisikia. Mahali unapolaza kiganja unapochapa, mara nyingi diski iko chini yake upande mmojawapo. Chumba kikiwa kimya, weka sikio hapo kompyuta inapowaka. Ule mkwaruzo mdogo wa haraka haraka, kama mtu anayekuna kadi kwa ukucha, ni mkono ukirukaruka kutoka njia hadi njia. Dakika saba zako ndizo hizo.

RAM nayo ina sehemu yake katika kesi hii, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. RAM ni meza ya kufanyia kazi, diski ni kabati. Windows 10 ikiwa imekaa tu, bila wewe kufungua chochote, hula karibu GB 2 kati ya 4 ulizonazo, na sehemu nyingine huchukuliwa na kadi ya picha isiyo na kumbukumbu yake yenyewe. Kivinjari chenye vichupo vinane au kumi humaliza kilichobaki. Meza ikijaa Windows haikuambii. Huchukua vitu ambavyo hukuvigusa karibuni na kuviandika kwenye diski, katika faili liitwalo pagefile.sys, ukivitaka inavirudisha. Ukihama kutoka kichupo hiki kwenda kile, mkono wa diski unaanza safari zake upya. Kishale chako cha mausi kinaganda hapo. Kwa hiyo upungufu wa RAM unajionyesha kama ugonjwa wa diski, na wepesi wa diski unaweza kuuficha upungufu wa RAM. Magonjwa mawili yameshikana mikono.

Sasa utaelewa kwa nini kupiga Windows upya kulikupa raha ya wiki sita. Programu zote zilizokuwa zinajiwasha ziliondoka. Mafaili yakaandikwa upya yakiwa yamepangana, tena sehemu za mwanzo za diski, kwenye ukingo wa nje wa sahani ambako kusoma ni kwepesi zaidi. Foleni ikapungua. Halafu masasisho yakaja, programu zikarudi, watoto wakaweka zao, mafaili yakatawanyika, na mkono uleule ukarudi kwenye mwendo wake uleule wa mara 60 au 70 kwa sekunde.

Kuna sababu nyingine inayofanya niogope kupiga Windows upya bila kuitazama diski, na hii naomba uisome taratibu. Diski ya miaka sita inaweza kuwa inakufa. Sehemu ndogo za sahani, ambazo huitwa sekta, huanza kushindwa kusomeka. Diski ikikutana na sekta ya hivyo haikubali kushindwa mara moja. Hujaribu tena na tena, wakati mwingine kwa sekunde nyingi, na kompyuta yote husimama ikingoja. Kwa mwenye kompyuta dalili ni ileile ya uzito. Lakini hapa si uzito, ni onyo.

Niliwahi kuletewa laptopu iliyokuwa imepigwa Windows mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara ilipona kidogo, kwa kuwa Windows mpya iliangukia sehemu nzima za diski, kisha ikarudi. Nilipoipima, diski ilikuwa na mamia ya sekta zilizoshindwa kusomeka, na mwenyewe hakuwa na nakala ya picha zake mahali pengine popote. Tuliokoa nyingi, si zote. Picha za miaka miwili ya mwanzo ya mtoto wake zilikuwa hapo, na karibu theluthi yake zilifunguka nusu ya juu tu, nusu ya chini rangi ya kijivu. Kipimo kilichohitajika mara ya kwanza kabisa kingechukua dakika mbili.

Kipimo chenyewe ni bure. Pakua programu iitwayo CrystalDiskInfo, na hakikisha unaichukua kwa watengenezaji wenyewe. Ukiifungua, itasoma taarifa ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Usiishie kwenye rangi. Tafuta mistari miwili: "Reallocated Sectors Count", yaani sekta zilizokwisha hamishwa kwa ubovu, na "Current Pending Sector Count", yaani sekta zilizoshindwa kusomeka na zinangoja hukumu. Kwenye diski nzima, safu ya mwisho ya mistari hiyo huwa sifuri tupu. Mstari wa pili ukiwa na chochote kisicho sifuri, acha mengine yote. Usisafishe, usipange mafaili, usiwashe ukaguzi wa diski usiku kucha ukadhani unasaidia. Nakili picha na nyaraka zako nje kwanza, ukianza na zile ambazo haziwezi kupatikana tena popote, ndipo tuendelee.

Tuseme diski yako ni buluu na mistari ile ni sifuri. Kuna mambo ya kufanya leo bila kutoa senti, na nakuahidi utaona tofauti, ingawa haitakuwa tofauti ya kukutosha.

Ondoa ile programu ya kusafisha. Ninasema hili kwa moyo mzito kwa sababu najua uliiweka ukitafuta msaada. Nyingi kati ya hizi hujiwasha pamoja na Windows, hukaa nyuma zikichungulia diski yako, na kazi kubwa zinayojisifia, ya kusafisha rejista ya Windows (daftari la mipangilio yake), haina faida ya kasi unayoweza kuipima. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista. Ikikosea, inaweza kuharibu Windows nzima.

Kisha antivairasi. Kila faili linapofunguliwa, antivairasi hulikamata kwanza na kulikagua. Zikiwa mbili, faili linakaguliwa mara mbili, na wakati mwingine zenyewe hushikana mashati. Ondoa zote mbili kupitia orodha ya programu, washa upya, na Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows, itajiwasha yenyewe. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha, ilimradi Windows inapata masasisho. Hilo la masasisho nitalirudia chini.

Rudi Task Manager, fungua "Startup". Hapo pana orodha ya programu zinazojiwasha. Bonyeza kila usiyoihitaji asubuhi, uchague "Disable". Programu za kupiga simu za video, za muziki, za michezo, za kusasisha printa: zote zinaweza kungoja uziite mwenyewe. Kuzizuia hapa hakuzifuti. Acha zinazohusu sauti, padi ya kugusa na usalama.

Halafu kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui, na kila ninapolionyesha hunitazama kama nimewadanganya. Kwenye Task Manager, ndani ya "Performance", bonyeza "CPU" utafute "Up time". Ni muda ambao Windows imekuwa ikifanya kazi mfululizo: siku, saa, dakika, sekunde. Mtu anayezima kompyuta yake kila usiku hukuta 41:03:22:10. Siku 41! Hii ni kwa sababu tangu Windows 8 kuna kitu kiitwacho Fast startup: ukizima, Windows haifungi kiini chake, inakihifadhi kwenye diski na kukirudisha kesho, pamoja na kasoro zake. Kuwasha upya, yaani "Restart", ndiko kunakoanza na ukurasa safi. Jizoeze kuwasha upya angalau mara moja kwa wiki.

Nafasi kwenye diski: hakikisha C, yaani sehemu ya diski yenye Windows, ina asilimia 15 hadi 20 iliyo wazi. Fungua "Settings", "System", "Storage", kisha "Temporary files". Kabla hujabonyeza kufuta, tazama kama kisanduku cha "Downloads" kimewekewa alama. Iondoe alama hiyo. Nimeona watu wakifuta barua za kazi na vyeti vilivyoskaniwa kwa kudhani ni takataka za mfumo.

Basi, hayo ni ya bure. Tuje kwenye pesa.

Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua SSD. Sisiti. SSD ni diski ya chipu, haina sahani wala mkono. Kipande cha faili popote kilipo hufikiwa kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na badala ya maombi 60 au 70 kwa sekunde inatimiza makumi ya maelfu. Hata ile ya kawaida kabisa, ya inchi 2.5 inayokaa kwenye nafasi ileile ya diski yako na kutumia kiunganishi kilekile cha SATA, husoma megabaiti 500 hivi kwa sekunde. Dakika saba zako zitageuka kuwa nusu dakika au chini yake. Nimebadilisha diski hizi kwenye kompyuta nyingi sana, na bado hufurahia uso wa mtu anapoiwasha mara ya kwanza. Huhitaji terabaiti nzima. GB 240 au 256 zinatosha kama picha na video utaziweka mahali pengine, GB 480 au 512 ukitaka nafasi ya kupumua.

Wanaokuambia uongeze RAM hawajakosea, wamekosea mpangilio. Ukiongeza RAM ukaiacha diski ya kuzunguka, vichupo vitaacha kuganda lakini kuwaka kutabaki dakika zilezile. Ukiweka SSD ukabaki na GB 4, RAM itaendelea kujaa, ila kurudisha vitu kutoka kwenye SSD ni kwepesi kiasi kwamba utaona kama kusita kidogo tu. RAM iwe ya pili, na ifike GB 8. Kabla ya kununua, soma aina: DDR3 na DDR4 haziingiliani, mkato kwenye ukingo wake uko mahali tofauti, na ya kompyuta ya mezani ni ndefu haiingii kwenye laptopu. Laptopu nyingine RAM yake imelehemiwa kwenye bodi, haiongezeki. Task Manager, chini ya "Memory", hukuonyesha nafasi zilizopo na zilizotumika, kwenye "Slots used". Ikisema 1 of 2, una bahati.

(Kwa wasomaji wengine wenye laptopu ndogo za GB 32 au 64 tu: hiyo mara nyingi ni eMMC, hifadhi ya chipu iliyolehemiwa kwenye bodi, na haya ya kubadilisha diski hayawahusu. Samahani, huo ndio ukweli wake.)

Nimejenga yote haya juu ya namba ninazozitarajia. Namba zako zikisema vingine, usinifuate mimi, zifuate namba.

Diski ikiwa imetulia lakini prosesa iko 90 au 100 kwa muda mrefu, bonyeza kichwa cha safu ya CPU ili zijipange, uone ni programu gani imekaa juu. Ikiwa ni kivinjari, kifungue bila viongezo vyake, kimoja kimoja ukivirudisha mpaka mkosaji aonekane. Ikiwa ni programu usiyoijua na inakula prosesa hata ukiwa hufanyi kitu, fanya ukaguzi kamili wa virusi. Kuna vinavyotumia kompyuta za watu kuchimba sarafu za kidijitali.

Kompyuta ikianza vizuri kisha ikazidi kuwa nzito baada ya dakika 20, shuku joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Nimefungua laptopu nikakuta kati ya feni na mapezi ya shaba pana kitu kama kipande cha blanketi, cha vumbi na nyuzi za nguo, kinatoka kizima kwa kibano. Kusafisha kunahitaji bisibisi, brashi laini na subira. Ukitumia hewa ya kupuliza, izuie feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu huharibika. Ile pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa, baada ya miaka sita, mara nyingi imekauka na inafaa kubadilishwa. Hiyo mpe fundi kama mikono yako haijazoea. Na usiitumie laptopu juu ya godoro, inazibwa pua.

Na kuna moja ambayo ni rahisi kuikosa. Kwenye "CPU" tazama "Speed". Ikiwa imekwama karibu na GHz 0.4 au 0.8 na haipandi hata ukifungua mambo mengi, jaribu chaja nyingine ya aina yake. Laptopu nyingine zikishindwa kuitambua chaja, au chaja ikiwa na nguvu pungufu, hujibana mwendo. Nilishinda nusu siku kwenye mashine moja ya namna hii kabla sijauchomoa waya, nikaona kasi inapanda kwa betri peke yake. Tangu hapo huwa nauliza habari za chaja mapema sana.

Sasa kununua mpya. Kwa unayoyafanya, sioni sababu, ila kuna jambo moja la kuangalia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi tena kwa masasisho ya kawaida, na wewe una watoto wanaobonyeza kila kitu. Angalia namba ya prosesa yako baada ya neno i5. Kama ni i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha 8, na Windows 11 huanza kukubali prosesa za Intel kuanzia hapo. Kama ni i5-7200U, ni kizazi cha 7, na haimo kwenye orodha. Windows 11 inataka pia TPM 2.0, chipu ya usalama, ambayo kwenye kompyuta za kizazi cha 8 huwa ipo ila wakati mwingine imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofanya kazi kabla Windows haijawaka. Ikiwa prosesa haikubaliki, Linux Mint ya Xfce, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni bure, inapata masasisho, na kwa kuandika, kuvinjari na kusoma haitakuangusha. Watoto wataizoea kabla yako.

Siku ya kubadilisha diski, mpangilio ninaoupenda ni huu. Nakili kwanza nyaraka zako nje, kwenye diski ya nje au flashi kubwa, na fungua mafaili machache kutoka huko uhakikishe yanafunguka. Kama diski yako imesimbwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, tafuta ufunguo wake wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft uuandike kwenye karatasi. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi yenye Windows kwa kutumia programu ya Microsoft yenyewe iitwayo Media Creation Tool. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, toa betri au chomoa waya wake kwenye bodi, gusa chuma kisicho na umeme ili kuondoa chaji mwilini mwako, ndipo ufungue. Toa diski ya zamani, weka SSD, sakinisha Windows mpya juu yake. Leseni yako imefungamana na bodi ya kompyuta, kwa hiyo itajitambua ukiunganisha intaneti. Akikuomba mtu ununue leseni nyingine, muulize kwa nini.

Kuna wanaopenda kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD, na programu kama Clonezilla hufanya hivyo bure. Kwa kompyuta yako nisingependa. Utahamisha antivairasi mbili, mabaki ya ile ya kusafisha, na miaka ya vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka. Hapa ndipo kupiga Windows upya kunapofaa, juu ya diski mpya. Na utakuwa na faida ambayo hukuwa nayo mwaka jana: diski ya zamani itabaki kando na kila kitu ndani yake, hakijafutwa hata herufi moja. Ukikumbuka baada ya wiki tatu kwamba hukunakili folda fulani, ipo.

Kuisoma, nunua kasha la USB la inchi 2.5, uichomeke kama flashi. Kaa nayo miezi miwili bila kuigusa. Ikipita hiyo na hakuna ulichokosa, na kama CrystalDiskInfo bado inaonyesha sifuri kwenye ile mistari miwili, ifute uitumie kuhifadhia nakala ya pili ya picha zako. Ikionyesha namba yoyote, usiweke juu yake kitu ambacho ungelia ukikikosa. Na zile asilimia ulizoandika kwa kalamu, niandikie hata kama zimefanana na nilizozikisia. Zikitofautiana, usinunue chochote hadi tuzungumze tena.